Mwiba wa kaktasi: Aliyechomwa asiwe hakimu peke yake

MTOTO wa jirani yetu aliingia ndani akilia huku ameutanua mkono wake wa kulia, hataki vidole vigusane. Alikuwa amecheza na mmea uliowekwa kwenye chungu barazani, ule wenye vipande bapa vya kijani vilivyopandana kama sahani, na madoa ya rangi ya dhahabu ambayo kwa mbali huonekana laini kama manyoya ya kifaranga. Yale hayakuwa manyoya. Vilikuwa vijimwiba vyembamba kuliko unywele, mamia kwa mamia, na sasa vimehamia kwenye vidole vya mtoto. Mama yake akachukua kitambaa akamsugua ili kuviondoa, kumbe ndiyo anavizamisha zaidi.

Baba mtoto aliporudi alikasirika. “Mti gani huu!” alisema. “Hauna kivuli, hauna tunda, kazi yake kuchoma watoto wa watu.” Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akamwambia, “Usiseme hivyo mwanangu. Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure.” Baba mtoto akajibu kwa adabu lakini kwa ukali wa mtu aliyeudhika, “Sawa mzee wangu, nakubali. Basi nieleze, mwiba huu una kazi gani?” Mzee akanyamaza. Na sisi tuliokuwepo tukanyamaza. Jioni ile mmea uling’olewa ukatupwa mtaroni nyuma ya nyumba.

Ndugu msomaji, ukimya ule ulinikaa moyoni. Kauli ya mzee sote tunaikubali kwa ulimi, lakini kukubali kwamba kitu kina kazi si sawa na kuijua kazi yenyewe. Mtu anaweza kuishi miaka sabini akisema kila kitu kina hekima yake, na asichunguze hata kimoja. Hebu basi leo tumjibu baba mtoto. Mwiba wa kaktasi una kazi gani?

Mwiba huu ni jani

Kwanza tujue mwiba wenyewe ni nini, maana katika Kiswahili tunaita “mwiba” vitu ambavyo asili zake ni tofauti. Mwiba wa mlimau chanzo chake ni tawi lililogeuka. Mwiba wa mwaridi umeota kwenye ngozi ya shina tu, ndiyo maana ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka kirahisi. Ama mwiba wa kaktasi, huo ni jani lililobadilika.

Tazama kaktasi yoyote kwa makini. Utaona miiba haikuota ovyo. Inatoka kwenye vituta vidogo vyenye nywele nywele, vilivyopangwa kwa safu shinani. Vituta hivyo ndivyo alama ya ukoo wa kaktasi, na mmea usio navyo si kaktasi hata ukifanana nayo vipi. Hapa wengi tunakosea. Ile mimea mirefu yenye pembe na miiba tunayoiona katika nyika za Afrika Mashariki, ambayo ukiikata inatoa utomvu mweupe kama maziwa, si kaktasi. Ni ndugu wa mnyaa. Kaktasi asili yake ni mabara ya Amerika, kuanzia Kanada hadi kusini kabisa mwa Argentina, na aina zake ni zaidi ya elfu moja.

Kwa nini jani ligeuke mwiba? Jani ni kiwanda cha chakula cha mmea, lakini pia ni mlango wa maji kutoka. Jani pana linapofungua vitundu vyake kuvuta hewa, maji yanapotea kwa njia hiyo hiyo. Katika nchi ambayo mvua huweza kukosekana kwa miezi mingi, majani mapana ni israfu inayoua. Hivyo basi, kazi ya kutengeneza chakula imehamia kwenye shina, ndiyo maana shina la kaktasi ni la kijani. Shina hilo hufungua vitundu vyake usiku, wakati hewa imepoa, likaweka akiba ya hewa hiyo katika hali ya asidi, kisha mchana likafunga milango na kutumia jua kupika chakula kwa akiba ya usiku. Jani halina tena kazi ya kupika. Limekonda, limekauka, limekakamaa. Mwiba uliokomaa hauna uhai ndani yake wala haunywi maji ya mmea.

Wapo ndugu wachache wa kaktasi, waitwao Pereskia, ambao hadi leo wana majani mapana ya kawaida na miiba pamoja. Ukiwatazama hao unaona jinsi ukoo huu ulivyoweza kuwa na mwiba hata kabla ya kuacha majani.

Kazi ya kwanza: kulinda kisima

Jangwani, shina la kaktasi ni kisima. Kaktasi kubwa iitwayo saguaro, inayoota katika jangwa la Sonora huko Arizona na Meksiko, hufikia urefu wa zaidi ya mita 12, huishi zaidi ya miaka 150, na ikishiba mvua uzito wake hupita tani 2, sehemu kubwa ikiwa ni maji. Shina lake lina mikunjo kama kinanda cha mkono. Likinywa hutanuka, kukiwa na ukame hujikunja. Sasa fikiri mwenyewe, kisima kama hicho kisimame wazi mbele ya wanyama wenye kiu, bila mlango wala mlinzi, kingedumu siku ngapi?

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko katika visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki. Katika visiwa vilivyo na kobe wakubwa wanaokula mipungate, kama Santa Cruz, mipungate imekuwa miti, ina shina nene na imeinuka juu mbali na mdomo wa kobe, na ikiwa bado michanga ina miiba mikali. Katika visiwa vya kaskazini kama Genovesa, ambako kobe hawakuwepo, mipungate imetambaa chini na miiba yake ni laini. Palipo na adui kuna silaha. Pasipo na adui silaha imelegea.

Hata hivyo ulinzi huu hauzuii kila mtu. Ngamia hula mpungate na miiba yake, kwa sababu kinywa chake kina kaakaa gumu na vinundu vigumu vinavyouelekeza mwiba usimchome. Mwiba haukuwekwa kumfukuza kila mlaji. Unatosha kuwafukuza wengi ili mmea ubaki.

Kazi ya pili: mwavuli wa mchana, blanketi la usiku

Kama mwiba ungekuwa silaha tu, hadithi ingeishia hapo. Lakini mtafiti Park Nobel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijiuliza swali rahisi: kaktasi ikinyolewa miiba yote, itapatwa na nini hata kama hakuna mnyama? Katika miaka ya 1970 na 1980 alipima joto la mashina yenye miiba na yaliyonyolewa. Yaliyonyolewa yalipata joto zaidi mchana na baridi zaidi usiku.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Miiba mingi iliyosongamana hutupa vivuli vidogo vidogo juu ya ngozi ya mmea, na huzuia upepo usiipige ngozi hiyo moja kwa moja. Jangwani jua la mchana huunguza, na usiku anga tupu hunyonya joto la ardhi hadi baridi ikaweza kugandisha maji. Kwa saguaro, sehemu dhaifu kuliko zote ni kile kilele kinachokua. Kilele kikiganda, ukuaji wake umekatika. Ndiyo maana ukikitazama kwa juu unakuta kimefunikwa miiba na manyoya kama mtoto aliyevishwa kofia.

Lakini kuna gharama, nayo lazima tuiseme. Nobel huyo huyo alikuta kwamba miiba inapunguza mwanga unaofika shinani, na mwanga ndio chakula. Mmea uliojifunika sana hukua polepole. Kwa hiyo wingi wa miiba ni mizani. Upande mmoja kuna usalama, upande wa pili kuna njaa, na kila aina ya kaktasi imesimama mahali pake kwenye mizani hiyo kulingana na nchi inayoishi.

Kazi ya tatu: kukinga maji ya ukungu

Mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha katika jarida la Nature Communications uchunguzi wao juu ya mpungate wa aina ile ile iliyomchoma mtoto wa jirani yetu. Walitazama vijimwiba vyake kwa darubini kali, wakakuta kila kimoja kina ncha nyembamba yenye vikulabu vidogo, kisha kinanenepa kuelekea chini, na ubavuni kina mifereji. Ukungu unapopita, matone madogo hunasa nchani. Umbo lile la ncha nyembamba na shina nene hulisukuma tone lenyewe kuelekea kwenye kitako cha mwiba, hata kama ncha ya mwiba imeelekea chini.

Msomaji asichukue hili akalifanya kanuni ya kaktasi zote, maana umbo la mwiba hutofautiana kwa kila aina. Lakini tuzingatie hili: kile ambacho sisi barazani tulikiona ni ukorofi mtupu, kule ughaibuni wahandisi wanakichunguza ili wajifunze namna ya kukinga maji kutoka hewani kwa ajili ya watu wasio na visima.

Kazi ya nne: nauli ya safari

Ipo kaktasi inayoitwa cholla, ambayo watu wa Arizona husema inaruka, kwa jinsi kipande chake kinavyomng’ang’ania mpita njia kwa kuguswa kidogo tu. Hairuki. Vipande vyake vimeunganishwa kwa kiungo dhaifu, na miiba yake ina vikulabu vilivyoelekea nyuma, kama ndoana ya mvuvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mwaka 2018 kwamba mwiba wa namna hiyo unaingia mwilini kwa nguvu ndogo kuliko mwiba laini, lakini kuutoa ni kazi kubwa, kiasi kwamba mwiba mmoja uliweza kuning’iniza kipande cha nyama bila kuchomoka.

Faida yake nini? Mnyama anaondoka na kipande kimening’inia ubavuni, anatembea nacho, kinadondoka mbali, kinaota mizizi na kuwa mmea mpya. Kwa cholla, mwiba ni tiketi ya kusafiria. Na ndege mmoja mdogo wa huko hujenga kiota chake katikati ya miiba hiyo hiyo, akalea makinda yake mahali ambapo nyoka na paka mwitu hufika kwa taabu. Kinachomchoma mmoja kinamlinda mwingine.

Na kuna ushahidi mwingine kutoka kwetu. Aina moja tu ya kaktasi ndiyo inayopatikana kiasili barani Afrika, iitwayo Rhipsalis baccifera. Huning’inia kwenye matawi ya miti mikubwa katika misitu ya Afrika Mashariki, vijishina vyake vyembamba kama mkufu. Ikikomaa haina miiba! Inaishi kivulini, penye unyevu, juu mbali na midomo ya wanyama. Haihitaji mwavuli, blanketi wala mlinzi. Hapo tunajifunza kwamba mwiba ni jibu la tatizo. Tatizo lisipokuwepo, jibu nalo halionekani.

Binadamu alipoingilia

Sasa tuje kwa binadamu, ambaye mara nyingi huhukumu kwa kidole chake kilichochomwa. Mkulima mashuhuri wa California, Luther Burbank, aliona mpungate ungefaa kuwa malisho ya ng’ombe katika nchi kame, kama si miiba. Akafanya kazi kwa miaka mingi kuchagua na kuchanganya mbegu, huku mwenyewe akiteswa na vijimwiba hadi akawa anavinyoa mwilini kwa wembe. Mwaka 1907 akatangaza mipungate isiyo na miiba, na watu wakaichangamkia kwa fedha nyingi.

Kikafuata nini? Mmea ulioondolewa mlinzi wake uliliwa na kila mpita njia, kuanzia sungura hadi ng’ombe, kabla haujakua. Mwenye shamba akalazimika kununua waya na nguzo azungushe uzio. Fikiria hesabu hiyo: mwiba uliokuwa bure umeondolewa, ukalipiwa kwa seng’enge! Tena mbegu zake zikipandwa ziliweza kuzaa watoto wenye miiba kama babu zao. Mpungate usio na miiba haukupotea. Hadi leo unalisha mifugo kaskazini mashariki mwa Brazil na Tunisia. Lakini unafaa pale tu ambapo binadamu amekubali kuifanya yeye kazi aliyoiondoa kwa mwiba.

Wengine waliutaka mwiba kwa ajili ya ule ule ukali wake. Katika nchi za Mashariki ya Kati mpungate ulipandwa kuwa uzio wa mashamba na vijiji, na Waarabu wa Palestina wanauita sabr, neno la mzizi ule ule uliotupatia sisi “subira”. Jina limeusadifu. Vijiji kadhaa vilivyobaki bila watu mwaka 1948 nyumba zake zimebomolewa, lakini mpungate umechipua tena mahali pale pale, na kwa mstari wake wa miiba mtu anatambua hadi leo mpaka ulipita wapi.

Kusini mwa Madagaska nako mpungate uliingizwa na Wafaransa katika karne ya 18. Wenyeji wakaufanya uzio wa vijiji, na wakati wa kiangazi wakauchoma moto miiba yake ili walishe ng’ombe, na matunda yake wakala wenyewe. Mwaka 1924, wakati wa utawala wa kikoloni, kukaingizwa mdudu mdogo afyonzaye utomvu, aitwaye kochinili. Mwiba umepimwa kwa mdomo wa mnyama mkubwa, na mdudu wa ukubwa ule anapita katikati ya miiba kama mtu apitaye kati ya miti. Katika miaka michache mapori ya mpungate yalinyauka, na ukame ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1930 kukawa na njaa. Watu wakafa, ng’ombe wakafa, na wengine wakahama kwao.

Kwa upande wa pili, tazama Laikipia nchini Kenya. Mpungate uliletwa huko wakati wa ukoloni, ukapandwa kuwa uzio na pambo. Leo umefunika maeneo makubwa ya malisho. Mbuzi na ng’ombe wakila matunda yake, vijimwiba vinawazama kwenye ulimi, ufizi na utumbo, na vingine vinaingia machoni vikawapofusha. Tembo na nyani wanakula matunda na kuzisambaza mbegu. Mfugaji wa huko hawezi kuambiwa habari za mwavuli na blanketi akafurahi, na ana haki. Mwiba ule ule, kwenye nchi ambayo haina wadudu waliouzoea mmea huo, umekuwa ngome ya mvamizi. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 wataalamu walipeleka huko kochinili, mdudu wa jamii ile ile ya Madagaska, safari hii ili apunguze mipungate. Kule alileta msiba, huku anaitwa mwokozi. Tofauti haiko kwa mdudu wala kwa mwiba. Iko kwenye mahali.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mtu asiulize “hiki kinaniudhi kiasi gani” akadhani ameuliza “hiki kina kazi gani”. Hayo ni maswali mawili. La kwanza linajibiwa na kidole, la pili linajibiwa kwa kutazama, kupima na kulinganisha.

Pili, kitu kuwa na kazi kwao haimaanishi kwamba kitafaa popote kitakapopelekwa. Anayeondoa ajue nani ataifanya kazi iliyoondolewa, na anayeleta ajue nani atakizuia alicholeta. Asiyejiuliza hayo ndiye aliyesemwa na wahenga, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tatu, kwa sisi wa mijini tunaopamba baraza zetu. Mtoto akichomwa na vijimwiba vya mpungate asisuguliwe. Vinavyoonekana vitolewe kwa kibano kidogo, kisha ipakwe gundi nyeupe ya karatasi, iwekwe juu yake kitambaa chepesi, iachwe ikauke na kuvutwa taratibu. Vikiingia jichoni mtoto apelekwe hospitali bila kuguswa. Chungu kiwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Na mwenye kuuchoka mpungate wake asiutupe uwanjani wala mtaroni. Auchome moto hadi uwe majivu.

Nasema hivyo kwa sababu wiki iliyopita nilipita nyuma ya nyumba ya jirani. Mmea ule uliotupwa siku ile ulikuwa umevunjika vipande vitano. Vitatu vimeoza. Viwili vimekwisha kuota mizizi kwenye mchanga wa mtaro, na kimoja kimechipua sahani mpya, ndogo, yenye madoa ya dhahabu. Nimemwita baba mtoto akaone, na mzee naye akaja. Safari hii tulikuwa na la kumjibu, na kabla ya magharibi tulikuwa tumekwisha kuvichoma vyote.